Siku moja kwenye mizabibu ya Ufaransa: Champagne, Bourgogne au Bordeaux, na uende na nani

Matangazo ya ziara za mvinyo kwenye hoteli za Paris yanafanana mno: gari lenye kiyoyozi, kiongozi anayesema Kiingereza, chakula cha mchana, maonjo sita au manane, kurudishwa jioni. Mwenye siku moja tu ya kutoa huishia kuchagua kwa bei au kwa jina analolifahamu, na jina hilo mara nyingi ni Champagne. Si chaguo baya. Lakini mambo mawili yanayoamua kama siku ile itakuwa na thamani huandikwa kwa herufi ndogo: utakaa saa ngapi barabarani, na ukifika utapokewa na nani.

Ndugu na marafiki wanaopita Ufaransa huwa nawaambia neno moja: jiunge na ziara palepale mizabibu ilipo, usijiunge nayo Paris. Fika kwa treni, kiongozi wa huko akupokee stesheni, jioni urudi kwa treni. Ushauri huu una uzito tofauti kwa kila eneo, kwa hiyo tuyapitie moja moja.

Tuanze na umbali

Reims, mji mkubwa wa Champagne, uko kilomita 145 hivi kutoka Paris. Treni ya kasi kutoka stesheni ya Gare de l'Est hufika kwa dakika 45 hivi. Épernay, mji mdogo ulio katikati ya mizabibu yenyewe, hufikiwa kwa treni ya mkoa, TER, kutoka stesheni hiyohiyo kwa muda wa saa moja na robo au zaidi kidogo. Gari la ziara hutumia saa moja na nusu hadi mbili, kutegemea foleni ya kutoka Paris asubuhi. Foleni ya kurudi jioni huwa mbaya zaidi.

Beaune, mji mkuu wa mvinyo wa Bourgogne, uko kilomita 310 hivi. Kwa gari ni saa tatu na ushee kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa treni ya kasi kutoka Gare de Lyon unafika Dijon baada ya saa moja na dakika 35 hivi, kisha TER inakufikisha Beaune kwa dakika 20 na kitu. Sasa fikiria ziara ya gari inayoahidi "Bourgogne kwa siku moja kutoka Paris": saa sita na zaidi umekaa kitini, unatazama barabara kuu. Sijawahi kumshauri mtu yeyote ainunue.

Bordeaux ni habari nyingine. Tangu Julai 2017 treni ya kasi kutoka Montparnasse inafika kwa saa mbili na dakika chache, na watu wengi hudhani mizabibu itakuwa inawasubiri stesheni. Haiwasubiri. Bordeaux ni jiji kubwa. Ili kufika Saint-Émilion unapanda TER ya dakika 35 hivi, kisha unatembea kilomita moja na nusu hivi hadi kijijini. Pauillac, upande wa Médoc, ni mbali zaidi na treni zake ni chache. Kwenda na kurudi Paris siku hiyohiyo inawezekana, ila utakuwa umekula nusu ya mchana safarini. Bordeaux ni ya mtu atakayelala huko usiku mmoja au miwili.

Champagne: kazi iko chini ya ardhi

Anayekwenda Champagne akitarajia kukaa shambani atashangaa, kwa sababu sehemu kubwa ya ziara hufanyika mita kadhaa chini ya miguu ya watu wa mjini. Chini ya Reims kuna machimbo ya chaki ya zamani sana. Yale yaliyo chini ya nyumba ya Taittinger (huku "nyumba" ni kampuni inayotengeneza shampeni) yanatokana na enzi za Warumi, na baadaye watawa wa Saint-Nicaise wakayatumia kuhifadhia mvinyo. Ruinart, nyumba kongwe kuliko zote za shampeni, iliyoanzishwa mwaka 1729, nayo ina mapango ya aina hiyo. Moët & Chandon, ya mwaka 1743, ina njia za chini ya ardhi zenye urefu wa kilomita 28 hivi mjini Épernay. Kwa Pommery unateremka ngazi 116, na kadiri unavyoshuka baridi inaongezeka hadi nyuzi 10 au 12. Hata kama juu ni Julai na watu wamevaa fulana, beba sweta.

Huko chini, mwombe kiongozi akusimamishe mbele ya mbao zenye matundu, zilizoegemezwa mbili mbili mfano wa paa la kibanda, chupa zimechomekwa vichwa chini. Hapo ndipo shampeni inapoeleweka. Mvinyo ukishachachuka mara ya kwanza, hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha chupa hufungwa. Hamira inakula sukari, hewa inakosa pa kutokea, na mgandamizo ndani ya chupa unafikia karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari. Chupa hulazwa kwa miezi. Kisheria shampeni ya kawaida hukaa walau miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile ya zabibu za mwaka mmoja maalumu hukaa miaka mitatu. Hamira iliyokufa hubaki kama tope jeupe ubavuni mwa chupa. Ndipo chupa huchomekwa kwenye zile mbao, na kila siku fundi huizungusha kidogo na kuiinamisha kidogo, mpaka tope lote linateremka shingoni. Kisha shingo hugandishwa, kifuniko kinafunguliwa, na kipande cha barafu yenye tope kinaruka nje chenyewe kwa nguvu ya hewa. Leo kazi kubwa ya kuzungusha hufanywa na mashine zinazobeba mamia ya chupa kwa mkupuo, lakini kiongozi mzuri atakuonyesha namna vidole vinavyoshika chupa mbili kwa pamoja na kuzigeuza.

Aliyesukuma mbele ufundi huu anastahili kutajwa: Barbe-Nicole Ponsardin, mjane wa Clicquot. Alifiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na miaka 27, akaishika biashara mwenyewe wakati ambao wanawake wa hadhi yake hawakuachiwa biashara, na nyumba yake ndiyo inayohusishwa na mbinu ya kuzungusha chupa. Nyumba ya Veuve Clicquot bado iko Reims na inapokea wageni.

Kwa Champagne, basi, gari la ziara si lazima. Nyumba kubwa za Reims zina viongozi wao, unakata tiketi kwenye tovuti zao kwa saa maalumu, na unafika kwa miguu, tramu au teksi fupi. Épernay ni rahisi zaidi: kutoka stesheni hadi barabara ya Avenue de Champagne ni matembezi ya dakika chache, na nyumba zimepangana kando ya barabara hiyo moja, Moët & Chandon, Perrier-Jouët, Pol Roger, hadi Mercier upande wa juu, ambako wageni huzungushwa chini ya ardhi kwa kitreni. Si zote zinazopokea wageni wasio na miadi, kwa hiyo angalia kabla. Ziara moja yenye glasi moja au mbili mara nyingi huwa kati ya euro 25 na 50. Siku nzima kwa gari kutoka Paris ni vigumu kuipata chini ya euro 200 kwa mtu, na zile za kikundi cha watu wanane hupita hapo. Fanya hesabu: treni ya kwenda na kurudi, ziara mbili na chakula cha kushiba, bado mtu mmoja huokoa pesa nzuri.

Kitu kimoja treni haitakupa: vijiji. Hautvillers, mahali alipozikwa Dom Pérignon, mtawa aliyesimamia ghala la mvinyo la abasia ya huko, yaani nyumba ya watawa, kuanzia mwaka 1668 hadi alipofariki 1715, kiko juu ya mlima, na mizabibu imeshuka mbele yake hadi mto Marne. Huko ndiko wanakoishi wakulima wanaotengeneza shampeni kwa zabibu zao wenyewe, familia kwa familia. Kuwafikia unahitaji gari na unahitaji mtu anayefahamika kwao. Ukinunua ziara ya nusu siku inayoanzia stesheni ya Épernay au Reims na kupita kwa mkulima mmoja, kisha mwenyewe ukamalizia na nyumba moja kubwa mjini, utakuwa umeiona Champagne ya pande zote mbili. Huo ndio mpango ninaoupenda kuliko mingine yote.

Bourgogne: hapa usiende bila mtu wa kukueleza

Bourgogne haina mapango ya kushangaza wala majumba yenye bendera. Mtu akishushwa kwenye barabara ya mvinyo kati ya Dijon na Beaune bila maelezo, ataona mteremko mmoja mrefu wa mizabibu myembamba, kuta fupi za mawe, na vijiji vilivyonyamaza. Ataondoka akijiuliza kelele zote ni za nini.

Mwenye kujua akisimama naye palepale, mambo yanabadilika. Mteremko ule umegawanywa vipande vinavyoitwa *climats*, vingine vidogo kuliko uwanja wa mpira, na kila kimoja kina jina, mipaka na sifa yake tangu zama za watawa. Chini kabisa, karibu na barabara kuu, zabibu huenda kwenye mvinyo wa mkoa. Ukipanda kidogo unaingia kwenye mvinyo wa kijiji, halafu *premier cru*, daraja la pili kwa ubora, halafu katikati ya mteremko, ambako maji hayatuami na jua la asubuhi linapiga sawasawa, ndiko kuna *grand cru*, daraja la juu kabisa. Mashamba ya *grand cru* ya Bourgogne ni 33 tu, na mvinyo wake haufiki hata asilimia 2 ya mvinyo wa mkoa mzima. Zabibu nyekundu ni zilezile Pinot Noir, nyeupe ni Chardonnay. Tofauti ya bei, kutoka chupa ya chakula cha Jumapili hadi chupa ya bei ya pikipiki, inatoka kwenye hatua chache za mteremko.

Simama kwenye ukuta wa shamba la Romanée-Conti, nyuma ya kijiji cha Vosne-Romanée. Ni hekta 1.8 tu. Kuna msalaba wa mawe, na kibao kinachowaomba wageni kwa adabu wabaki barabarani wasiingie shambani. Shamba lile halina ziara, halina duka wala mahali pa kuonja. Ng'ambo ya njia nyembamba kuna shamba la mtu mwingine ambalo mvinyo wake unauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mvinyo wa Romanée-Conti. Kiongozi akichota udongo wa njiani akakuonyesha mawe ya chokaa yaliyomo, akakuelekeza mteremko unapovunjika, ndipo unapoanza kuelewa watu wanalipia nini. Kilomita chache kutoka hapo ni Clos de Vougeot, shamba la hekta 50 hivi lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux. Lilikuwa la mwenye mmoja; leo lina wamiliki wapatao 80, kila mmoja na mistari yake ya mizabibu ndani ya ukuta uleule.

Kwa sababu hiyo, Bourgogne ndiko mahali ambapo pesa ya kiongozi hulipa. Wakulima wengi hawana mlango ulio wazi kwa mpita njia. Wanapokea kwa miadi, na wengi wanampokea kiongozi wanayemfahamu. Ila mchukue kiongozi huyo Beaune au Dijon. Ziara za gari dogo zinazoanzia Beaune asubuhi zinakupa saa nne hadi saba kamili za shamba na ghala, wala si za barabara kuu. Mwenye nguvu anaweza pia kukodi baiskeli mjini Beaune na kufuata njia ya baiskeli inayopita katikati ya mizabibu ya Pommard, Volnay na Meursault hadi Santenay, kilomita zipatazo 22. Hiyo ni raha kubwa, lakini ifanye baada ya kupata maelezo, si kabla.

Namna ya kuonja nayo ni tofauti. Champagne unapewa glasi kamili na unainywa. Bourgogne unamiminiwa kidogo, pengine mvinyo sita au saba mfululizo, na pembeni kuna chombo cha kutemea. Tema. Hakuna atakayekuona mshamba. Anayekutazama kwa mashaka ni yule anayemeza zote na kufika kwenye mvinyo bora wa mwisho akiwa ulimi umeshakufa ganzi.

Bordeaux, kwa ufupi

Bordeaux ina pande mbili ambazo siku moja haiwezi kuzibeba. Médoc ni barabara ya D2 na majumba makubwa yaliyopangwa kwenye madaraja ya ubora wa mvinyo ya mwaka 1855, madaraja ambayo katika ngazi ya juu yamebadilishwa mara moja tu, jumba la Mouton Rothschild lilipopandishwa mwaka 1973. Majumba yako mbali mbali, miadi ni lazima, na usafiri wa umma haukusaidii. Huko chukua ziara ya gari bila kusita. Saint-Émilion ni kijiji cha mawe kilichoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1999, mvinyo wake hutawaliwa na zabibu ya Merlot, na chini yake kuna kanisa zima lililochongwa ndani ya mwamba, ambalo huingii bila kiongozi wa ofisi ya utalii. Huko treni na miguu vinatosha, kwani mashamba mengine yako kwenye kingo za kijiji chenyewe. Mwenye siku moja tu akiwa analala Bordeaux, mimi namwelekeza Saint-Émilion.

Watu huniuliza pia kuhusu Loire. Vouvray, karibu na Tours, ina maghala yaliyochimbwa kwenye mwamba laini mweupe na mvinyo wa zabibu ya Chenin wa bei nafuu kuliko yote niliyoyataja. Ukiwa tayari umepanga kwenda kuona makasri ya Loire, ongeza saa mbili za Vouvray. Kwenda kwa ajili ya mvinyo peke yake, naona Champagne au Bourgogne kwanza.

Kwa asiyekunywa

Wengi wetu hawanywi, kwa dini au kwa hiari, na mara nyingi wamo kwenye msafara mmoja na wanaokunywa. Hawa wasiburuzwe siku nzima kutoka meza moja ya kuonja hadi nyingine. Beaune inawafaa sana. Hospitali ya Hospices de Beaune, iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin kwa ajili ya maskini baada ya vita na njaa, bado imesimama na paa lake la vigae vya rangi, vitanda vimepangwa mistari miwili kwenye ukumbi mkubwa, na mchoro wa Siku ya Hukumu wa Rogier van der Weyden umehifadhiwa humohumo. Mashamba yaliyotolewa wakfu kwa hospitali hiyo ndiyo yanayozaa mvinyo unaouzwa kwa mnada kila Novemba. Reims nayo ina kanisa kuu walikotawazwa wafalme wa Ufaransa, na jumba ambamo Wajerumani walisaini kusalimu amri tarehe 7 Mei 1945. Uliza mapema kama kuna tiketi ya ziara bila maonjo, na kama watoto wanapewa juisi ya zabibu. Sehemu nyingi hufanya hivyo. Umri wa kuuziwa kileo ni miaka 18.

Gari la kukodi

Kuna wanaotaka kukodi gari wajiendeshe. Kiwango cha kileo kinachoruhusiwa kwa dereva Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni changa. Maonjo matatu yanatosha kukuvusha. Kama hakuna asiyekunywa atakayeshika usukani mwanzo hadi mwisho, liondoe wazo hilo.

Siku, lugha na chupa

Usipange Jumapili. Wakulima wadogo wengi hufunga, na treni za mkoa hupungua. Saa sita hadi saa nane mchana watu wanakula, milango imefungwa. Ziara inayodai kutembelea ghala saa saba mchana iulize vizuri. Januari nyumba kadhaa hazipokei kabisa. Aliyezoea mizabibu ya Dodoma kuvunwa mara mbili kwa mwaka akumbuke kwamba huku mavuno ni mara moja, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Oktoba hivi. Wakati huo shamba linapendeza kupita maelezo, na Champagne utaona watu wakikata zabibu kwa mikono kwa sababu mashine haziruhusiwi, lakini mkulima mwenyewe hana muda na wewe. Mei, Juni na nusu ya kwanza ya Julai ndipo anapokaa nawe.

Ziara za Kiingereza zipo kila mahali kwenye nyumba kubwa, ila hujaa mapema. Msomaji wa Goma, Bukavu au Bujumbura anayesikia Kifaransa ana bahati: ziara za Kifaransa huwa na nafasi zaidi, na mkulima mdogo akieleza kwa lugha yake husema mambo ambayo kwa Kiingereza huyaruka.

Ukinunua shampeni, tazama herufi mbili ndogo chini ya lebo. RM ni mkulima aliyetengeneza kwa zabibu zake, NM ni nyumba inayonunua zabibu kwa wengine. Zote zinaweza kuwa nzuri, lakini chupa ya RM ya kijijini ndiyo usiyoweza kuikuta duka la uwanja wa ndege. Iweke kwenye begi linalopimwa, katikati ya nguo, kwa sababu ukaguzi hautakuruhusu kuingia nayo ndani ya ndege. Na kabla ya kununua ya tatu, angalia kiwango kinachoruhusiwa na forodha ya nchi unayorudi.